Kuinama kwa Mbah Wirya

Mbah Wirya alipoanguka nyumbani kwa Pak Hardana, wanaume wote waliokaa mkekani walimwinamia.

Ilikuwa dua ya kufungulia nyumba mpya. Pak Hardana alikuwa amestaafu kazi ya serikali Jakarta, akarudi kwetu Karangsemut na kujenga nyumba yenye sakafu ya vigae vyeupe vinavyong'aa kama sahani. Wanaume walikaa mistari miwili, migongo ukutani, wakitazamana, na katikati ikaachwa njia. Mbah Wirya, na Mbah kwetu ni babu au bibi, alikuwa mkubwa kuliko wote kwa umri, kwa hiyo alitengewa nafasi kule mwisho, karibu na imamu. Aliingia kama alivyokuwa akiingia kila mahali: kiwiliwili kimepinda mbele, kichwa kimening'inia hadi kidevu kinakaribia kifua, mkono wa kulia umeshushwa mbele yake, na midomo ikisema, "Samahani, naomba njia. Samahani." Ndivyo mtu wa kwetu anavyopita mbele ya waliokaa. Ila wengine huinama wakipita, kisha hunyooka.

Alipofika katikati, hatua zake zilianza kufupika na kwenda mbio, kama mtu anayekimbilia kitu kilichomtangulia kidogo tu. Magoti yakagonga vigae.

Mzee wa umri ule kupiga magoti mbele ya mtu ambaye angeweza kuwa mwanawe! Pak Hardana, uso umemwiva, naye akapiga magoti papo hapo. "Jamani Mbah, usinifanyie hivyo. Mimi ni mtoto wako." Kwetu kichwa cha mdogo hakikai juu ya kichwa cha mkubwa. Basi mstari wa kushoto ukashuka kwenye viwiko, wa kulia ukafuata. Vijana waliokuwa mlangoni na trei za chai wakachuchumaa pamoja na trei zao, na mmoja akamwagikiwa mapajani asithubutu kupiga kelele. Na kwa kuwa Mbah Wirya hakuwa na nguvu za kuinuka, kila waliposhuka wao, yeye alionekana mnyenyekevu zaidi.

"Heri ya nyumba mpya," alisema Mbah Wirya, akiviambia vigae.

Tugiman, mume wa binti yake, ndiye pekee aliyetazama mikono. Mtu anayetoa heshima hukutanisha viganja. Viganja vya baba mkwe wake vilikuwa vimebandikwa sakafuni, vidole vimetanda. Tugiman akamwendea kwa magoti, akamshika kwapani, akamnong'oneza jambo, akamfikisha mahali pake. Dua ikaendelea.

Walipotoka, kila mmoja na kikapu chake cha wali na kuku wa dua, hawakuwa na habari nyingine. "Yule ndiye Mjava wa mwisho," imamu alisema akivaa viatu. "Akifa yule, tumebaki watu wa kupita tu bila kuinama."

*

Kasiyati, binti wa Mbah Wirya, alikuwa jikoni kwa Pak Hardana pamoja na wanawake wengine, na sifa zilimfikia huko kabla wali haujapakuliwa. Alirudi nyumbani na furaha yake. Ikaishia pale alipomwona baba yake kwenye kibao cha kazi, amekunja sarong yake ya batiki hadi mapajani, anapangusa magoti kwa kitambaa.

"Mbona damu?"

"Vigae vya Hardana vikali."

"Umeanguka, Baba?"

"Nimepiga magoti."

"Ameanguka," alisema Tugiman. "Nilikuwepo."

"Wewe nawe. Mtu akipiga magoti haraka, basi kaanguka?"

"Mbah, hata mimi nikiteleza kwenye lori la mchanga nitasema nilikuwa namwamkia bosi."

Kasiyati hakucheka. Aliokota ndara za baba yake mlangoni, akazigeuza. Soli zilikuwa zimeliwa mbele kwenye vidole, kisigino bado kipya. Akatazama ukuta kutoka chumba cha baba yake hadi chooni. Kulikuwa na mstari mweusi wa mafuta ya mkono, unaokwenda sawa na usawa wa nyonga. Alikuwa ameufuta kwa sabuni kabla ya mfungo wa mwaka jana, akadhani ni uchafu wa kuku. Tangu lini baba yake anakunywa chai kwa mrija? Alisema ni ya moto. Na mwisho wa sala, pale watu wanapogeuza uso kulia na kushoto, yeye aligeuza mabega yote mawili kama mlango.

Mambo haya yote yalikuwa mbele ya macho yake. Hakuna lililofichwa. Mbah Wirya alikuwa fundi wa kutoboa vikaragosi vya ngozi kwa mchezo wa kivuli. Maisha yake yote alikaa chini, ameukunjia mgongo ubao mdogo, patasi mkono mmoja, nyundo ya mti mkono mwingine, akitoboa vijitundu ambavyo mbu angepita kwa shida. Akiinuka hapo, alipita mbele ya watu ameinama. Kazi ilimkunja, na adabu ikampokea. Nani angeweza kusema moja liliishia wapi na lingine lilianzia wapi?

"Mwalimu wa madrasa huwatoa watoto nje ukipita," alisema Kasiyati. "Anawaambia, tembeeni kama Mbah Wirya."

"Basi waache watembee."

"Kesho tunakwenda hospitali."

"Kesho nina kazi. Kuna vikaragosi vya mtu."

"Vitakusubiri. Ngozi haiozi."

*

Kasiyati alimpakia nyuma ya pikipiki, paji la uso la mzee limeegemea mgongo wake njia nzima. Katika hospitali ya wilaya daktari alimpiga picha ya shingo, kisha akawapeleka chumba cha mazoezi ya viungo, kwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Jina lake Bu Tiurma, Mbatak kutoka Toba, kabila la kisiwa kingine, na Wabatak, kama tunavyojua, hawazungushi maneno.

"Mzee, nitazame."

Mbah Wirya aliitabasamia sakafu.

"Nitazame mimi, si viatu vyangu. Au vimekupendeza?"

"Vizuri," alisema Mbah Wirya kwa upole. "Cha kushoto kimelika upande wa nje."

"Haya, kumbe macho yapo." Bu Tiurma alivuta kigoda, akakaa chini kabisa ili uso wake uingie pale macho ya mzee yalipokuwa. "Sikiliza. Kwetu asiyekutazama usoni ana kesi nawe. Nilipofika huku nikakuta wazee wote wanatazama chini, nikauliza, nikaambiwa ni adabu. Nikazoea. Sasa niambie wewe mwenyewe, bila kumwonea haya binti yako. Ni adabu, au huwezi?"

Kasiyati aligeuka akasoma tangazo la chanjo ukutani, lote.

"Mwanzoni ilikuwa adabu," alisema Mbah Wirya.

Bu Tiurma aliinuka kwenye kigoda. Kisha akamlaza, akamkalisha, akamsimamisha, akambonyeza huku na kule kwenye uti wa mgongo, akamwambia akaze ngumi, anyanyue vidole vya miguu. Alipomaliza alieleza taratibu kuliko alivyoanza.

"Kichwa ni kizito, Mzee. Kikikaa juu ya mabega, mifupa inakibeba, wala huhisi. Kikining'inia mbele, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inakibeba kutwa, na yako imechoka, imekiachia. Kichwa kinauvuta mwili mbele. Miguu inakimbilia mwili usianguke. Ndiyo maana hatua zako zinakuwa fupi, fupi, fupi, halafu chini. Tena macho yanaona kidole gumba tu, kwa hiyo mguu haujui kinachokuja mpaka umeshafika."

"Na picha?" aliuliza Kasiyati.

"Daktari anasema uti haujabanwa. Bado kuna nafasi. Lakini akianza kuangusha vitu mkononi, au miguu ikikakamaa, msimlete kesho yake, mleteni siku hiyo hiyo. Mgongo siuahidi, umeshapinda, utabaki hivyo. Shingo tunaweza kuibembeleza. Mazoezi kila siku, alale chali, akandamize kisogo kwenye taulo. Na hiki, akitembea."

Kilikuwa kola ya shingo, ya sponji ngumu, rangi ya ngozi ya mtu ambaye hayupo kokote duniani. Akamfunga. Kichwa kikapanda, na Mbah Wirya akaliona dirisha, pazia, kisha uso wa Bu Tiurma.

"Kumbe wewe mtoto," alisema.

"Nina wajukuu, Mzee. Haya, tembea. Tazama mbali, mwisho wa ukumbi."

Akatembea. Kasiyati alisema baadaye kwamba alisikia tofauti kabla ya kuiona: ndara ziliacha kuburuzika. Hatua ilikuwa hatua. Lakini ukumbini kulikuwa na benchi refu la wagonjwa, wazee kwa wazee wenye sarong na kofia nyeusi, na Mbah Wirya alipolifikia alisimama. Mkono wa kulia ulishuka. Mabega yalijaribu kufuata. Kola ilikataa. Akabaki amesimama wima mbele ya watu wazima waliokaa, kifua mbele, kidevu juu, kama mtu aliyekuja kuwafukuza.

"Nitapitaje mbele ya watu hawa?" alimuuliza Bu Tiurma.

"Kwa miguu."

Hakupita. Aliivua pale pale, akaikunjia kwapani, wakazunguka nyuma kupitia maegesho ya magari.

*

Mazoezi alifanya. Kila alfajiri baada ya sala alilala chali kwenye mkeka, akakandamiza kisogo kwenye taulo, kwa utaratibu ule ule aliotobolea ngozi. Kola aliivaa nyuma ya nyumba tu, kati ya banda la kuku na mti wa mpera, wakati Kasiyati yuko sokoni anauza tempe za soya.

Siku moja alisahau, akaenda nayo hadi mbele kumfukuza mbuzi wa watu. Pak Dirja alikuwa anapita. Dirja naye ni fundi wa vikaragosi, mdogo wake kidogo kwa umri, na mdomo wake haujawahi kupata mapumziko.

"Allahu akbar!" alisema Dirja, akasimama mkakamavu na kupiga saluti. "Tumepata kamanda! Kaka Wirya, majeshi yako yapo wapi?"

Wanawake waliokuwa wakinunua mboga kwenye baiskeli ya mchuuzi walicheka. Si kicheko kibaya. Mmoja wao, mke wa imamu, aliongeza tu kwa sauti ya chini, "Ajabu, ukimtazama hivyo unaweza kusema mtu mwingine." Mbah Wirya alicheka nao. Aliingia ndani, akaitundika kola kwenye msumari pamoja na vikaragosi visivyopakwa rangi, na hapo ikakaa.

Kasiyati aliikuta ina vumbi.

"Baba, hii ni ya kuvaa shingoni, si ukutani."

"Inawasha."

"Inawasha wapi?"

Mbah Wirya alipuliza unga wa ngozi kwenye ubao. "Nimeishi hapa tangu nizaliwe, Kasi. Sijawahi kupita mbele ya mtu kichwa juu. Hata mbele ya makaburi nainama. Leo nianze?"

"Ukivunjika nyonga utapita mbele ya nani?"

"Nikivunjika, nimevunjika. Watu watasema masikini. Nikitembea vile watasema kiburi."

"Wewe utasikia watasemaje. Mimi ndiye nitakayekuogesha." Alisema hivyo, akajuta, lakini hakulirudisha. "Basi nakuambia mapema. Idi, bila kola, huendi kwa Shangazi. Nitakufungia mlango."

Mzee aliacha kugonga patasi. Shangazi alikuwa Mbah Ngadiyah, dada yake mkubwa, wa mwisho kubaki katika wakubwa wa ukoo. Kila Idi ukoo mzima humwendea katika nyumba kuu ng'ambo ya mfereji. Mmoja mmoja hupiga magoti mbele ya kiti chake, huweka paji la uso kwenye mapaja yake na kuomba radhi kwa makosa ya mwaka. Kuomba radhi huko, sungkem, huanza kwa mkubwa. Kwa hiyo huanza kwa Mbah Wirya. Hakuwahi kukosa.

"Kwa dada yangu," alisema polepole, "hasa kwa dada yangu, siendi na kitu hicho."

"Tunaweza kumpeleka kwa toroli la saruji," alisema Tugiman kutoka jikoni. "Nitalifunika kwa batiki nzuri."

Patasi ikaanza kugonga tena.

*

Ilibaki kidogo tu mfungo uishe. Alasiri moja Mbah Wirya alikwenda msikitini peke yake, bila kola, kwa njia ya ukingo wa mashamba ya mpunga. Tawi la mbambakofi lililokatwa lilikuwa limelala njiani. Mtu mwingine yeyote angeliona kutoka mbali. Yeye aliliona lilipogusa kidole chake. Miguu ikakimbilia mwili kama kawaida yake, na safari hii hapakuwa na kigae mbele bali mfereji.

Haukuwa na kina. Maji yalimfika mapajani alipokaa. Alijaribu kushika nyasi za ukingo, zikang'oka. Akajaribu tena. Mwishowe akabaki amepiga magoti majini, mikono kwenye matope, anapumua, akiona maji yanayopita chini ya pua yake.

Miguu miwili ikasimama ukingoni. Ndara za bluu, ya kulia imeshonwa kwa waya.

"Dirja," alisema Mbah Wirya.

"Kaka Wirya! Unatafuta nini humo?"

Hapo angeweza kusema. Alifikiri kusema. "Ndara yangu," alisema.

"Subiri, subiri." Dirja alikunja sarong, akateremka majini, akainama pembeni yake, wakaanza kupapasa matope wote wawili, wazee wawili matako juu. "Ya rangi gani?"

"Nyeusi."

"Maji yameipeleka mbali, au imezama." Dirja alipapasa hadi kwenye kona ya mfereji, akarudi. Ndipo alipoona ndara zote mbili, nyeusi, miguuni kwa Mbah Wirya, chini ya maji.

Alisimama. Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za kijiji chetu, Dirja alikosa la kusema.

"Huwezi kuinuka," alisema mwishowe.

"Siwezi."

"Tangu lini?"

"Kuinuka, tangu sasa hivi. Kuinua kichwa, mwaka wa tatu huu."

Dirja alimshika kiunoni, akamsukuma ukingoni, wakakaa wote wawili kwenye nyasi, wakivuja maji. Adhana ya alasiri ikapita juu yao, hakuna aliyesogea.

"Kaka, nikuambie kitu?" alisema Dirja. "Mwaka wote ule tuliogombana juu ya ile kazi ya vikaragosi ya mjini Solo, kila ukinipita barabarani ulikuwa unainama hadi magotini. Nikasema moyoni, tazama mtu mkubwa huyu, ana haki kuliko mimi na bado ananiinamia. Mimi ndiye niliyekuja kuomba radhi, unakumbuka? Kwa ajili ya huko kuinama kwako."

"Nakumbuka ulikuja. Sikujua kwa nini."

"Hukuwa unaniinamia?"

"Dirja, mimi naona miguu tu. Siku nyingi nilikuwa hata sijui kama ni wewe, mpaka ulipoishona hiyo ndara."

Dirja aliitazama ndara yake. Alianza kucheka, kicheko kikamshika hadi akakohoa, na Mbah Wirya akacheka pia, kidevu kikigonga kifua. Walipotulia, Dirja alifuta macho.

"Basi umekuwa ukituamkia bure," alisema. "Na sisi tumekuwa tukikuitikia bure. Vaa hicho kitu chako, Kaka. Saluti yangu naifuta."

*

Siku ya Idi walikula ketupat, wali uliofungwa majanini, na kuku wa tui, wakavaa. Mbah Wirya alivaa koti la milia la kiasili, kofia ya kitambaa cha batiki, kisha akakaa kitandani mikono mapajani. Kasiyati alisimama mlangoni. Alikuwa amekwisha amua kwamba hatamfungia mlango. Angempeleka hata bila kola, angemshika mkono njia nzima. Hakupata nafasi ya kulisema.

"Nifunge," alisema baba yake. "Usikaze sana. Nataka kumeza mate."

Nyumba kuu ilikuwa imejaa. Ukoo ulikaa mikekani mistari miwili toka mlangoni, na mwisho wa njia, kwenye kiti cha mti, alikaa Mbah Ngadiyah, mdogo kama mtoto ndani ya blauzi yake ya kebaya. Mbah Wirya alivua ndara, akasimama kizingitini. Soga zikafa mstari kwa mstari. Sarjono, mtoto mkubwa wa Mbah Ngadiyah, mwenyeji wa siku hiyo, alikuja mbio huku ameinama.

"Mjomba, karibu. Mjomba, samahani sana." Akanong'ona. "Tunajua ni maradhi, hakuna asiyejua. Lakini kwa Mama, kwa dakika ile moja tu, si ungekivua? Watoto wanatazama. Nitakushika mimi."

Mkono wa Mbah Wirya ulipanda shingoni, ukaishika kamba ya kunata ya kola. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaona ombi hilo lina haki. Nalo lilikuwa na haki.

"Kaka Sarjono, kisivuliwe," alisema Kasiyati. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga, na yeye mdogo, na mbele ya watu. "Akianguka mbele ya Shangazi, nani atamweleza Shangazi kwamba si heshima?"

"Mnanong'ona nini huko?" aliita Mbah Ngadiyah. "Nani kasimama mlangoni anazuia mwanga?"

"Ni Mjomba Wirya, Mama."

"Wirya gani? Wirya ni kofia. Kila mwaka naletewa kofia, naibariki, inaondoka. Huyo ana uso."

Mtu mmoja akacheka puani. Mbah Wirya akaachia kamba, akaanza kutembea. Macho aliyaweka pale Bu Tiurma alipomwambia ayaweke, mbali, mwisho wa njia, na mwisho wa njia alikuwa dada yake. Kwa hiyo alimwona mapema, na kadiri alivyokaribia ndivyo alivyomwona zaidi. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Jicho la kushoto lina utando mweupe. Mdomo umekwenda upande mmoja.

Alisimama mbele ya kiti.

"Dada, meno yako yamekwenda wapi?"

"Yalikwenda ule mwaka ulionibusu magoti ukasema naonekana mzima. Sogea. Sogea, jicho moja halifanyi kazi." Alinyoosha mkono, akampapasa shavu juu ya sponji, akampapasa pua. Aliuacha mkono hapo muda mrefu. "Umekuwa Baba kabisa," alisema. "Pua na kila kitu. Mbona hukuniambia?"

Mbah Wirya alianza kukunja goti.

"Wee! Ukishuka, nani atakuinua? Mimi?"

"Dada, nitaombaje radhi nimesimama?"

"Kwa mdomo."

Akakutanisha viganja mbele ya kifua. Maneno aliyajua tangu utoto, alikuwa ameyasema kila mwaka akiyaambia mapaja ya sarong, yakitoka yenyewe kama maji. Kumbe kumwambia mtu usoni ni kazi nyingine. Alianza, akasimama, akaanza tena.

"Dada, nisamehe makosa ya nje na ya ndani." Akameza, na kola ikaonyesha alivyomeza. "Nisamehe sikuona kama umeugua."

"Nimekusamehe," alisema Mbah Ngadiyah. "Nami nilidhani unaona haya kunitazama, kwa ajili ya mdomo huu. Nisamehe nawe. Haya, nenda, wenye njaa ni wengi nyuma yako."

Akageuka. Njia yote ya kurudi ilikuwa mbele yake, mistari miwili ya watu waliokaa, wakubwa na wadogo, na nyuso zao zote zimeelekea kwake. Wengi hakuwatambua mpaka walipofungua midomo. Kichwa kilibaki juu, hakikuwa na namna. Lakini mkono wa kulia ulishuka mbele yake kama siku zote, ukainama peke yake.

"Samahani, naomba njia," alisema Mbah Wirya. "Samahani."

"Pita, Mbah."

Walikuwa chini yake tayari, hakuna aliyehitaji kushuka zaidi. Chai ikaendelea kunywewa. Kizingiti cha nyumba kuu kimeinuka juu, cha mti wa msaji, kimewaangusha wengi. Mbah Wirya alikiona akiwa bado katikati ya chumba, na alipokifikia mguu ulikuwa umekwisha nyanyuka.